Ukuta Ulionyimwa Pumzi

Miaka ishirini na mbili nilichoma matofali. Nasema mapema, mtu asije akadhani nilizaliwa nikijua ubaya wa moshi. Nilikata miti, nikapanga tanuri, nikachochea siku tatu mfululizo, na nilipokwenda kutafuta kuni zaidi mke wangu ndiye aliyebaki mdomoni mwa tanuri na koleo mkononi. Wakubwa walikuja kila mwezi kuchukua ushuru. Walihesabu matanuri, hawakukosea hata moja. Hakuna aliyewahi kusema, mama, funga kitambaa puani.

Kifua chake kilipoanza kupiga filimbi, walimpa dawa ya maji na kumwambia aepuke baridi.

Kwenye benchi la zahanati ndipo alipokutana na mwanamke aliyekuwa anaishi katika nyumba ya matofali yasiyochomwa. Udongo unachekechwa, unachanganywa na chokaa kidogo, unashindiliwa kwa mashine ya mkono, kisha tofali linafunikwa magunia kivulini mpaka linakomaa lenyewe. Alirudi nyumbani ameshaamua.

"Matofali ya watu umeshachoma ya kutosha," aliniambia. "Nyumba yangu haitakuwa na hata moja lililopita motoni."

"Kwa hiyo tutakaa ndani ya chungu kibichi?"

"Ndiyo. Na wewe ndiye mfuniko."

Mashine tuliazima kwa kikundi cha akina mama. Msingi tuliweka mawe, paa tukalitoa nje hatua nzima ili mvua isiguse kuta. Kwa nje alipaka mwenyewe, udongo laini na mchanga na chokaa, kwa kiganja, maana mwiko aliuona unamchelewesha. Nilimwambia siku moja tutapiga plasta ya saruji kama watu wengine. Akakataa katakata. Ukuta wa udongo unakunywa maji kidogo na kuyatoa, alisema, ni kama yeye mwenyewe, ukimziba pumzi hatasema kitu, utamkuta ameanguka tu.

Tulikaa humo miaka minne. Jua la saa saba likiunguza bati la majirani, kwetu ulikuwa unavuta shuka. Kifua hakikupona, kilikuwa kimeshakwenda, ila filimbi ilipungua. Alifia chumba cha mbele, mchana, kichwa chake kikielekea dirishani. Baada ya hapo binti yetu aliachana na mumewe, akarudi na wanawe wawili, nikawapa chumba hicho hicho. Nyumba ikawa na kelele tena.

Ndipo wakapanua barabara.

Afisa ujenzi tulimwita Futikamba, kwa kuwa futi yake haikutoka kiunoni hata akienda msibani. Alikuja na gari kubwa jeupe, akaliacha likinguruma mbele ya mlango muda wote ili ubaridi wa ndani usipotee. Moshi ukaingia sebuleni. Akagonga ukuta kwa kidole, akatoa kopo la rangi nyekundu, akachora alama ya kubomoa juu ya mpako wa mkono wa mke wangu.

"Mzee wangu, nyumba zote zinazotazama barabara ziwe za kudumu. Hii ni ya muda."

"Ya muda gani, mkubwa? Ina miaka saba."

"Udongo ni wa muda. Ndivyo ilivyoandikwa."

Kesho yake nilifunga tofali moja kwenye baiskeli, nikalipeleka ofisini kwake. Ukutani pale wamebandika picha ya jani kubwa, na chini yake maneno ya kutuhimiza tujenge bila kukata miti. Nikaliweka tofali mezani, juu ya gazeti, ili nisimchafulie.

"Liloweke kwenye ndoo tangu sasa mpaka jioni," nikamwambia. "Likimeguka, njoo ubomoe, nitakushikia nyundo."

Akaligeuza. Akalipima, ndiyo, kwa futi. Akatikisa kichwa kama mtu anayesikitika kweli, na nadhani alisikitika kweli, hilo ndilo linaloniuma.

"Mzee, mimi nakuamini. Tena hili ndilo jambo tunalolihubiri siku hizi." Akanionyesha jani ukutani. "Lakini tazama fomu. Mawe. Saruji. Tofali la kuchoma. Lako nitalitia wapi? Hakuna kisanduku."

"Ongeza kisanduku."

Akacheka. "Fomu inatoka juu."

"Huko juu yuko nani?"

"Juu, mzee."

Kisha akainama, akapunguza sauti, kama mjomba anayekutafutia njia. Nipige plasta ya saruji nje, nene, kuta zote, ndani ya siku thelathini. Yeye akija hataona udongo, ataona saruji, na kisanduku cha saruji kipo. Nikamwambia plasta ya saruji itaua ukuta ule. Akasema yeye amesomea. Mimi nimesoma mpaka darasa la nne. Nikachukua tofali langu.

Nyumbani binti yangu alikuwa anafua uani. Nilimweleza yote, pamoja na maneno ya mama yake.

"Baba, piga plasta."

"Mama yako alisema..."

"Mama amelala pema. Hawa wangu watalala wapi?" Akaminya nguo mpaka maji yakaisha. "Wewe unabishana na watu wenye tingatinga, baba. Piga plasta, tuombe Mungu."

Kesho yake nikaenda kumwita fundi.

Fundi plasta ni shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Alikuja na miiko yake na mdomo wake.

"Shemeji, saruji na udongo ni ndoa ya kulazimishana," alisema. "Saruji itapasuka kidogo, lazima. Maji yakiingia nyuma yake hayana mlango wa kutokea."

"Unaniambia mimi?"

"Namwambia nani mwingine, na mwenye nyumba hayupo?"

Ili saruji ishike, ilibidi kukwangua kwanza mpako wa zamani. Nilishika jembe, nikasimama mbele ya ukuta. Viganja vyake vilikuwa bado vinaonekana pale jua lilipopiga kwa ubavu, mistari ya vidole imepinda kama maji. Nikampa shemeji jembe, nikaenda nyuma ya nyumba kuchanganya mchanga. Nilimsikia anakwangua.

"Dada alikuwa na mkono mzito huyu!" alipaza sauti. "Haubanduki!"

Nikaendelea kuchanganya. Naye hakutania tena mpaka ukuta wa nne.

Futikamba alikuja siku ya ishirini na nane. Akagonga, akatabasamu. "Sasa hii ni nyumba." Akanipa karatasi yenye muhuri. Chini imeandikwa kwamba mwenye nyumba akibadili au kubandua chochote bila ruhusa ya maandishi, kibali kimekufa na alama inarudi. Binti yangu alinisomea mara mbili.

Mvua zilianza vizuri. Wiki ya pili nikaona ufa chini ya dirisha la mbele, mwembamba kama uzi. Wiki ya tatu nikagonga ukuta ukalia kama debe tupu. Ndani, chumba cha watoto, kuta zilikuwa na jasho, ukiweka kiganja kinatoka na tope.

"Bandua plasta leo," shemeji alisema. "Leo, si kesho. Ukipata jua siku tatu utapona."

"Na karatasi?"

Akakuna kichwa. Binti yangu alitutazama wote wawili, akaingia ndani kuhamisha magodoro ya wanawe kwenye chumba changu.

Nilikwenda kuomba ruhusa ya maandishi. Karani akasema bosi hayupo, amepanda ndege, yuko kwenye semina ya nyumba zisizoharibu mazingira. Mwingine mwenye kusaini? Hakuna. Nirudi Jumatatu. Jumatatu nikarudi, nikakaa kwenye benchi nikilitazama jani. Nikarudi Jumatano. Karani alinionea huruma, akanipa chai, akaniambia, "Mzee, hata mimi ningekuwa na saini ningekusainia." Siku tisa nilikwenda na kurudi kwenye mvua.

Siku ya kumi, asubuhi, tukinywa uji, chumba cha mbele kilikohoa. Sina neno jingine. Tulipofungua mlango, udongo ulikuwa umemiminika ndani mpaka usawa wa dirisha, na nusu ya paa imeinama juu yake. Hakuna aliyeumia. Binti yangu aliwakumbatia wanawe, akawa anasema "baba, baba, baba," kana kwamba ni mimi ninayeweza kufanya kitu.

Futikamba alifika mchana ule ule, na mkoba mpya wa kitambaa begani, wa semina. Aliacha gari likinguruma. Akatoa simu kupiga picha za ripoti.

"Ndiyo maana tunakataza udongo, mzee wangu. Unaona?"

"Si udongo. Ni plasta mliyonipigisha."

"Plasta?" Akaigonga. Maganda ya saruji yalikuwa yamesimama peke yake, magumu, hayana kitu nyuma yake. "Plasta imeshika, mzee. Kilichoanguka ni nini?"

Mimi nilijua jibu, nilikuwa nalo lote, tangu maji hadi chokaa hadi filimbi ya kifua cha mtu. Lakini lilikuwa refu, na yeye alishainua simu.

"Sogea kidogo kushoto, mzee. Unaziba ufa."

Nikasogea.