Ndoo ya Drejc

Tangu wamzike Drejc, mkewe Milojka alikuwa hasikii kitu. Si uchungu, si njaa, si baridi. Watu walimletea supu, akanywa. Wakaondoka, akaosha bakuli.

Jumapili hii wenzake Drejc waliozoea kuongea naye kwa redio wangemuaga kwa desturi yao: kuliita jina lake la hewani mara tatu, kisha kunyamaza kidogo, wampe nafasi ya kujibu. Milojka alitaka kusikiliza kwa redio ya marehemu mwenyewe. Hakutaka kingine.

Tatizo lilikuwa Zdravko, shemeji yake, mtu asiyeweza kuona kitu kikatulia. Waya wa antena ulitoka paani hadi kwenye mti wa jozi, umelegea. Huko mtini kamba yake ilipita kwenye kapi na kuning'iniza ndoo ya mawe yenye kifuniko, iliyopanda na kushuka upepo ukivuma.

"Shemeji, wageni watatucheka. Kamba ya kuanikia nguo hii!"

"Drejc alisema uachwe ulegee."

"Drejc alikuwa mvivu, Mungu amrehemu." Akaiteremsha ndoo, akaiweka bandani, akauvuta waya mpaka ukakaza, akaufunga kwenye shina.

Jumamosi, hapo mjini kwao Pivka, ikanyesha ile mvua inayoganda ikigusa kitu. Waya ukavaa barafu ya unene wa kidole, mti ukayumba, na waya haukuwa na pa kwenda. Asubuhi ulikuwa chini, vipande viwili.

Zdravko alijishika kichwa. "Nimeharibu, shemeji. Nitukane basi!"

"Unganisha," akasema Milojka. Hata hasira hakuwa nayo. Akaenda bandani kuchukua ndoo.

Alipoinyanyua, kifuniko kikafunuka. Katikati ya mawe ilikuwamo pasi ya chuma ya mama yake, iliyopotea miaka mingi. Drejc aliitafuta naye nyumba nzima, mpaka uvunguni mwa kitanda, akitikisa kichwa kwa masikitiko.

"Mwongo we!" Milojka akapiga kelele, peke yake bandani, uso umemwiva. "Mwongo mkubwa! Na kunisaidia kutafuta ukanisaidia!"

Pasi akairudisha ndoani. Waya ukapanda tena, umelegea kama alivyotaka mwenyewe.

Saa ilipofika, sauti ikaliita jina la Drejc mara tatu. Kisha kimya. Zdravko akainamisha kichwa. Milojka akanyoosha mkono, akabonyeza kitufe cha kuongelea, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Hayupo," akasema, na machozi yakamtoka. "Hayupo, jamani. Na mimi nilikuwa na neno naye."