Chupa ya Asajile

Maganda ya pichesi huchemshwa pamoja na kokwa zake, kisha maji yake humiminwa kwenye foronya safi na kuning'inizwa jikoni yachuruzike hadi asubuhi. Foronya haikamuliwi. Ukiikamua, jeli huwa na ukungu na maneno yaliyomo huchanganyikana, ukashindwa kujua nani alisema nini. Tulinagwe wa kijiji cha Mbebe alifundishwa hayo na mama mkwe wake, na kwa miaka thelathini na moja hakuwahi kukamua foronya.

Maneno huingia kwenye tunda wakati wa kuliwa. Watu wa Mbebe wanalijua hilo, kwa hiyo anayemenya pichesi huzungumzia mvua, kuku na kikohozi cha jirani, na mambo mazito huyaacha mpaka anawe mikono. Lakini Nathanaeli, shemeji yake Tulinagwe, alikuwa amekaa Tunduma miaka ishirini akishughulikia karatasi za malori mpakani, na huko watu hula huku wakisema lolote. Alikwisha sahau.

Mwezi wa kwanza, Asajile, mume wa Tulinagwe, alipokuwa hawezi kuinuka kitandani, Nathanaeli alipanda kutoka Tunduma kuja kumwona kaka yake. Tulinagwe alikuwa mashineni kusaga mahindi. Ndugu wawili hao walimaliza sahani nzima ya mapichesi. Tulinagwe aliporudi alikuta maganda na kokwa tu, akaviokota vyote, maana nyumba ile haikutupa kitu, akavipika. Ilipatikana chupa moja. Siku ya tatu Asajile akafa.

Baada ya mazishi, ukoo ulikaa kikao. Nathanaeli alisimama akasema kaka yake hakuacha neno lolote. Basi shamba la bondeni, lenye mipichesi kumi na minne ambayo Tulinagwe na Asajile waliipanda kwa mikono yao, likarudi kwenye ukoo, yaani kwa Nathanaeli. Tulinagwe hakuwa na mtoto wa kumsemea. Wakachinja mbuzi, wakamla, na kikao kikafungwa.

Akabaki na nyumba. Kwa mwezi mzima alikuwa akisonga ugali wa watu wawili, halafu anakaa akiutazama. Hakuna aliyekuja kumwuliza ameamkaje, isipokuwa jirani yake Jenista, na Jenista naye alikuwa na wajukuu watano na ng'ombe mgonjwa. Mkiwa haambiwi pole kila siku.

Mwezi wa nne alifungua ile chupa. Alipaka kijiko kimoja juu ya kiazi, akatafuna, na kinywani mwake ikatoka sauti ya Asajile.

"Bati la jikoni linavuja. Linavuja bati la jikoni. Nathanaeli, bati linavuja."

Asajile alikuwa mtu wa kusema kila jambo mara tatu tangu utoto, kiasi kwamba shuleni walimwita Kengele. Tulinagwe alimeza, akainua macho kulitazama bati, na kweli lilikuwa linavuja.

"Nitaliziba," alisema.

Tangu hapo akawa anakula kijiko kimoja kila jioni. Asajile alilalamikia dawa chungu mara tatu. Aliulizia bei ya mahindi Tunduma mara tatu. Tulinagwe alimjibu kila swali, akaanza kusonga ugali wa mtu mmoja, na usingizi ukamrudia. Jioni ya sita alitia kijiko mdomoni akasikia:

"Shamba la bondeni ni la Tulinagwe. Umwite mtendaji aandike."

Hakumeza haraka. Alipomeza, alifunika chupa na kuikaza. Kijiko hicho kilibeba mara ya kwanza tu, nayo ilikuwa imekwisha tumika. Zilibaki mara mbili, na chini yake vijiko viwili au vitatu vya mambo mengine.

Kesho yake alimweleza Jenista wakiwa wanachambua maharage.

"Ukiwapelekea wataila yote, dada. Unawajua," Jenista alisema.

"Nisipowapelekea?"

"Utakuwa na sauti. Shamba hutakuwa nalo."

"Na bila shamba mwakani nitapika nini?"

Jenista alipuliza makapi. "Mimi ningepeleka," alisema. "Lakini mimi mume wangu yupo hai, kwa hiyo usinisikilize sana."

Tulinagwe alikaa na chupa siku nane bila kuifungua. Alitamani kuisikia sauti hiyo kuliko chakula, na aliogopa kuimaliza. Siku ya tisa aliifunga ndani ya khanga, akanunua mkate, akaenda nyumbani kwa mzee Isaka, baba mkubwa wa Asajile, ambaye ndiye huongoza vikao vya ukoo. Nathanaeli alikuwapo, alikuwa amepanda kutoka Tunduma na seng'enge ya kuzungushia shamba.

"Baba, nimeleta neno la mwanao," Tulinagwe alisema.

"Karibu, mwanangu. Limefika na mkate wake," alisema Isaka.

Alipaka jeli kwenye vipande vya mkate, akawagawia. Mzee Isaka aliuma kipande chake, na kinywani mwake Asajile akasema, "Shamba ni la Tulinagwe, lile la bondeni. Umwite mtendaji." Nathanaeli aliuma cha kwake. "Nathanaeli, nasema shamba la bondeni ni la mke wangu," alisema Asajile, na mara sauti ya Nathanaeli mwenyewe ikajibu kutoka mdomo uleule, "Nimesikia, kaka."

Nathanaeli alifuta makombo kidevuni.

"Ni yeye kabisa," alisema mzee Isaka. "Hata kule kurudiarudia."

"Ni yeye," Nathanaeli alikubali. "Na huyo wa mwisho ni mimi. Shemeji, hii jeli yako haina mpinzani."

Mzee Isaka alijipangusa mikono. Kisha akasema neno ni la kweli na hakuna anayebisha, ila kikao kilikwisha fungwa na mbuzi aliliwa. Kulifungua shauri ingebidi arudishwe mbuzi yuleyule, na mbuzi aliyeliwa harudishwi. Tulinagwe mwenyewe alikula maini.

"Nilipewa, baba. Sikujua."

"Ndiyo, mwanangu. Ulipewa."

Mkate ulikuwa bado upo, wakaendelea kula. Asajile aliongea vinywani mwao kuhusu mbuzi wa jirani na kiberiti kilichopotea. Walimjibu kwa heshima, na chupa ikabaki na utando tu kwenye kuta zake. Tulinagwe aliichukua kabla Nathanaeli hajaingiza kidole. Akaenda kwa afisa mtendaji wa kata, naye alimpokea vizuri, akamwambia kwamba ushahidi wa kulambwa haukai kwenye faili.

Msimu wa mapichesi ulifika. Seng'enge ilikuwa imezunguka shamba lote. Nathanaeli hakuwa mtu mbaya kwa namna alivyojijua. Alimtumia shemeji yake ndoo nzima ya maganda na kokwa kwa bodaboda, kwa kuwa alijua anavipenda. Tulinagwe alichemsha, akaning'iniza foronya, hakukamua. Jeli ilitoka nyekundu na safi, unaweza kuona dirisha ng'ambo yake. Akaonja. Hapakuwa na neno. Nathanaeli na vibarua wake walikuwa wamejifunza kula midomo imefungwa.

Ilikuwa jeli nyingi, na chupa zikapungua moja. Aliitazama sufuria, akaitazama rafu. Ile chupa ya Asajile ilikuwa pale, haijaoshwa tangu siku ile.

Alimimina maji ya moto kidogo ndani yake, akaitikisa, akanywa.

"Tulinagwe amerudi kutoka mashineni?" alisema Asajile, kwa mbali, maana maji yalikuwa mengi. "Mbakizie pichesi moja."

Tulinagwe alikaa kwenye kigoda na chupa mkononi, akisubiri mara ya pili na ya tatu. Jeli sufuriani ilianza kuganda. Alipoona inaganda kabisa, alisimama, akaikausha chupa, akaijaza.