Kifurushi cha Kumi na Tatu

Mimi ni dereva, na dereva akikuambia ana subira, shika vizuri mfuko wako. Asubuhi ile nilifika kwenye darasa la Mwalimu Kaswera, pale Vulamba mjini Butembo, nikiwa nimekwisha kukasirika. Safari ya Mutwanga si ya kuchezea: Butembo mpaka Beni, kisha Beni mpaka chini ya Ruwenzori, na ukichelewa utalala njiani mahali ambapo mtu mwenye akili halali. Kazi yangu ilikuwa kubeba vifurushi vya rambirambi tu. Nikakuta hata kimoja hakijafungwa. Watoto wa darasa la tano walikuwa wanavifanyia hesabu.

"Madame, barabara inaningojea," nikamwambia.

"Papa Zorobabel, haraka haraka haina baraka. Ikala pale nyuma, na weye ujifunze."

Watoto wakacheka. Nikakaa kwenye benchi lililotengenezwa kwa makalio ya watoto, magoti karibu na kidevu, nikanuna.

Siku chache kabla, watu wenye silaha waliingia katika mashamba ya kakao huko Mutwanga wakaua waliokuwa wakivuna. Tuliambiwa familia kumi na mbili zimefiwa. Akina mama wa parokia wakakusanya sabuni, chumvi na mishumaa. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, lakini kwetu kinachokwenda kwa wafiwa lazima kiwe sawa kwa sawa, maana mjane hana akili ya kupima kitu siku ile. Wanaompimia ni majirani. Nimeona kwa macho yangu nyumba mbili zikiacha kusalimiana kwa sababu ya kipande cha sabuni kilichozidi upande mmoja, na makaburi hayajakauka.

Kaswera alikuwa amepanga vitu vyote juu ya meza: sabuni arobaini na nane, pakiti za chumvi thelathini na sita, mishumaa sitini. Idadi ya familia hakuisema.

"Nataka bifurushi mingi sana," aliwaambia. "Yote ifanane. Na hata kitu kimoja hakitabakia."

"Tano!" akapiga kelele mvulana mmoja mwenye mdomo mkubwa, Luc.

Wakagawa sabuni mafungu matano. Zikabaki tatu.

"Iko reste," alisema Kaswera. "Donc tano hapana diviseur ya makumi ine na munane. Tafuta ingine."

Wakajaribu nane. Sabuni zikakubali, chumvi ikakataa. Wakaanza tena. Walikuwa wanajifunza kwa mikono kwamba diviseur, yaani namba inayokigawa kitu bila kubakiza, inaweza kukubaliwa na kitu kimoja na kukataliwa na kingine, na kwamba unayoitaka ni ile inayokubaliwa na vyote. Huku wengine wakihesabu mishumaa kwa sauti, tano, kumi, kumi na tano, makumi mbili, na Madame akiwaambia hizo ndizo multiples za tano, zisizokwisha hata ukihesabu mpaka ufe. Nikiri kwamba hasira ilianza kunitoka. Ilikuwa kazi nzuri kuitazama.

Aliyepata jibu ni Jemima.

"Kumi na mbili, Madame. Sabuni ine, chumvi tatu, bougies tano."

"Reste?"

"Zéro."

Kaswera akaandika sifuri kubwa ubaoni, akaizungushia duara. Darasa likapiga makofi, na mimi nikapiga, kwa sababu mtoto yule namjua. Ni binti wa Lusenge, rafiki yangu wa Mutwanga. Mama yake alikufa zamani, na vita vilipokaribia Lusenge akamleta Butembo kwa dada yake Orpa. Yeye mwenyewe akabaki Mutwanga na mama yake mzee, maana kakao ukiiacha wiki moja, mwizi anakuvunia. Kila nikishuka kule alinipakilia mkungu wa ndizi nimletee mtoto, akaniuliza swali lilelile: "Anasoma?" Mimi nilimjibu kwamba anasoma kupita baba yake, na hapo alicheka mpaka akashika mti.

Watoto wakaanza kufunga. Simu yangu ikalia, nikatoka uani. Alikuwa Muyisa, dereva mwenzangu wa kule.

"Zorobabel, ungali Butembo? Bamepata mwengine. Mu kakao, mbali kidogo."

"Nani?"

"Lusenge."

"Lusenge gani?"

"Lusenge wetu, ndugu yangu. Wa ndizi."

Nilisimama pale nikitazama tairi ya pikapu kama mtu anayetafuta pancha. Kisha nikamwita Kaswera mlangoni nikamnong'oneza. Akashika fremu ya mlango.

"Mutoto asijue mbele tantine yake afike," alisema. "Tafazali."

Hakuhitaji kuniambia. Kwetu habari ya kifo haiingii katika tumbo tupu, wala haitoki kinywani mwa mtu wa nje. Anakuja wa damu yako, anakukalisha, anakulisha kwanza, maana anajua baada ya hapo hutakula. Ndipo anasema. Mtoto huyu alikuwa amebakiwa na haki hiyo moja tu duniani, na mimi niliapa moyoni kwamba ataipata, hata kama nitalala msituni usiku huo. Kaswera akampigia Orpa, yule shangazi, sokoni. "Kuya ku masomo," alimwita shuleni, "na ulete chakula." Hakuna mama wa hapa asiyeelewa maneno hayo.

Tukarudi ndani. Jemima alikuwa ameinama juu ya kifurushi, anakaza kamba kwa meno. Kaswera alikwenda moja kwa moja mpaka kwake, na kabla akili yake haijafika, mikono ilikuwa imefika: ikamwondolea mtoto kamba mkononi, polepole.

"Leta, mama. Pumzika."

Mungu wangu. Nilitamani kuirudisha mikono ile nyuma. Kwetu mfiwa hashiki kazi. Jirani akikutua ndoo kichwani bila kusema kitu, akikupokonya mchi kinuni, unakaa chini, maana umekwisha kuambiwa. Kaswera amekulia katika matanga kama sisi sote. Alifanya alichofanya mama yake na bibi yake, na maji yakawa yamekwisha kumwagika.

Jemima alitazama viganja vyake vitupu. Akamtazama mwalimu. Akanitazama mimi, niliyetoka Mutwanga wiki iliyopita na nitakayerudi leo. Sikuweza kumtazama.

"Batoto," alisema Kaswera, sauti imepanda, "mufungue yote. Namba imebadirika. Sasa ni kumi na tatu."

Darasa likaguna. "Aaa, Madame! Tumeisha funga!"

"Kumi na tatu hapana gawanya hata kitu moja hapa," alisema Jemima. Alisimama wima kabisa. "Diviseurs yake ni mbili tu. Moja, na yeye mwenyewe."

"Njo vile. Sasa tutafanya namna gani?"

Mtoto akanyoosha mkono, akaichukua ile kamba tena kutoka mkononi mwa mwalimu. Kaswera hakuthubutu kuishikilia.

"Tuhesabu multiples yake. Kumi na tatu, makumi mbili na sita, makumi tatu na tisa, makumi tano na mbili. Sabuni inafika ku makumi tatu na tisa, chumvi ku makumi mbili na sita, bougies ku makumi tano na mbili. Donc sabuni tatu kila mutu, chumvi mbili, bougies ine. Yote itafanana."

Ikafanana. Vifurushi vilikuwa vyembamba kuliko vya kwanza, lakini vilikuwa kumi na tatu, na hakuna jirani ambaye angepata la kusema. Cha mwisho Jemima alikifunga mwenyewe, fundo juu ya fundo, akakileta mpaka kwenye benchi langu.

"Papa Zorobabel, hii utapatia koko."

Koko ni yule mama mzee wa Lusenge. Nikakipokea kwa mikono miwili.

Juu ya meza zilibaki sabuni tisa, chumvi kumi na mishumaa minane. Luc, ambaye hakuwa ameelewa kitu, akauliza bila ubaya wowote: "Madame, na ile reste? Tunaipeleka wapi?"

Kaswera akaanza kuvikusanya pembeni mwa meza.

"Muiweke mu armoire," alisema Jemima, akionyesha kabati. "Batakuya bengine."

Kaswera akageukia ubao. Akaipangusa ile sifuri kwa kiganja, akabaki amesimama hivyo, mgongo kwetu, na mabega yanacheza. Mimi nilikasirika vibaya sana, na safari hii si kwa ajili ya barabara. Nilimkasirikia kila mtu mwenye bunduki na kila mtu mwenye tai anayesema hali inadhibitiwa.

Orpa akafika akihema, sahani imefunikwa kwa kitambaa. Alikuwa amenawa uso, na alileta tabasamu ambalo halikumkaa vizuri. Kaswera akawatoa watoto wote uani. Mimi niliombwa nibaki, kama shahidi wa kule.

"Ikala, mwana wangu," alisema Orpa. "Nimekuletea bugali na sombe. Kula kwanza."

Nilidhani mtoto atalia, au atamtupia sahani. Jemima alinawa mikono, akakaa, akaanza kula. Alikula ule ugali na kisamvu tonge baada ya tonge, anatafuna, anameza kwa shida, huku shangazi yake akimweleza bei ya vitunguu na mvua iliyowanyeshea sokoni, na mtoto akiitika "ndiyo, tantine," kila ilipopasa. Alimwachia shangazi aifanye kazi yake yote bila kumharakisha. Alifuta sahani kwa tonge la mwisho mpaka ikang'aa. Akanawa tena, akajipangusa kwenye sketi, akaiweka mikono yake mapajani, mitupu.

"Nimeisha kula, tantine," alisema. "Sasa sema."