Tofali za Fundi Senyo

Vijana wa Kocha Sowah walinyanyua vyuma kila asubuhi nyuma ya gereji moja pembezoni mwa Accra, kabla jua halijapamba moto. Chuma kirefu kilikuwa ekseli ya lori. Dambeli zilikuwa makopo ya rangi yaliyojazwa zege, mawili mawili, yameunganishwa kwa kipande cha bomba. Kocha si mtu wa kutupa mali, hivyo kokoto za zege hilo alizipata kwa kuponda tofali za nyumba ambazo vijana wake walikuwa wamezibomoa. Maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yao. Wazee wa ukoo wakishauza kiwanja kimoja kwa watu wawili, mwenye fedha zaidi hukodi vifua na mikono, na yule mwingine huhama. Asipohama huhamishwa.

Jumatano moja Odartey alimhamisha fundi bomba aitwaye Senyo. Alimpiga ngumi mbili tu za mkono wa kulia, ya kwanza mdomoni, ya pili sikioni. Meno mawili yalidondoka kwenye ndoo ya udongo, na mwenyewe akayafuata, asiinuke tena. Jumatatu yake kocha akaponda tofali za ukuta wa mbele, akafyatua jozi ya dambeli za kilo ishirini ishirini. Odartey akainama kuzijaribu. Ya kushoto ilikuja. Ya kulia iligoma, kwa sababu Senyo alikuwa ameikalia.

"Shuka," Odartey akamwambia.

"Nishuke niende wapi? Tofali ni zangu hizi. Nimezifyatua kwa mkono wangu."

Ndivyo ilivyo, mtu hufuata tofali zake. Tawiah, aliyekuwa akichuchumaa na mfuko wa mchanga mabegani, alimwomba marehemu akunje miguu kidogo ili naye apate nafasi, na marehemu akakunja. Damu ya sikio ilikuwa imemkaukia shingoni.

"Sikiliza, mdogo wangu," Senyo akasema. "Pale kwangu kimebaki chumba cha nyuma. Mke wangu Dzifa yumo na mtoto. Kiacheni hicho, nami nitashuka mwenyewe, hutaniona tena."

"Mimi siamui. Anaamua mzee wa ukoo."

"Nyundo anashika mzee wa ukoo?"

Odartey akaishika tena dambeli. Alikuwa na haraka, kwani Jumamosi kocha angewapima wote, na asiyeweza uzito wake hapandi gari la kazi. Akajitia ukaidi. Siku tatu nzima alivuta jozi ile, ya kulia isiinuke. Mkono wa kushoto ulivimba mpaka shati likabana. Wa kulia ulisinyaa, mkono wa shati ukaning'inia. Nyumbani alishindwa kumega kenke, ule ugali wa mahindi uliochachushwa, donge likamponyoka mara mbili, na alipotaka kula kwa kushoto mama yake akamchapa kofi la kiganja. Kwao hata mgonjwa hali kwa kushoto.

Alhamisi akamwendea kocha, ametahayari.

"Tatizo si mkono, ni chuma ulichochagua," kocha akamwambia. "Dambeli haina siri. Kila mkono unabeba lake, ukiwa na aibu yake itaonekana. Chuma kirefu kina undugu. Wa kushoto unaubeba wa kulia, uzito unapanda, kifua kinajaa. Mkono wako una kesi, bwana. Achana na dambeli."

"Na huyu?"

"Huyu ana kilo sabini na kitu, na hatumlishi. Unataka nini tena?"

Kocha akakata yale mabomba kwa msumeno, akayachomeka makopo kwenye ekseli, mawili kila upande. Senyo alisimama kando akingoja amalize, kisha akaenda kukaa katikati ya chuma. Odartey akalala chali kwenye benchi. Alipokishusha, uso wa fundi ulimfikia karibu na pua yake, na mle mdomoni mlikuwa na pengo la meno mawili.

"Chumba cha nyuma," Senyo akasema. Odartey akasukuma. Chuma kikashuka tena. "Chumba cha nyuma."

Mara kumi, mizunguko minne, kila siku. Na tusidanganyane, kocha alisema kweli. Mkono wa kulia ulirudi, kifua kikajaa hadi vifungo vya shati vikaruka, na Jumamosi Odartey aliwapita wote. Kocha akampa nyundo kubwa, ile inayoshikwa na kiongozi wa gari.

Jumanne saa sita mchana gari likawapeleka kwenye kiwanja cha fundi. Mtoto alikuwa shule. Dzifa alikuwa ndani ya chumba cha nyuma, mgongo ameuegemeza ukutani.

"Mume wangu mmeshammaliza," alisema kupitia dirisha lisilo na fremu. "Mimi hapa sitoki, kaka. Ubomoe nikiwemo."

Odartey akasimama. Roho ilimuuma, tusimwonee, ilimuuma kama jino bovu. Alifikiri kwamba angeweza kuiweka nyundo chini, akarudi nyumbani kwa miguu, na kesho angekuta benchi tupu, chuma chepesi. Alilifikiria hilo kwa muda mrefu kiasi kwamba wenzake wakaanza kutazamana.

"Kama kifua ni cha maonyesho, nipe mimi," Tawiah akasema, akanyoosha mkono apewe nyundo.

Odartey hakumpa. Alipiga mara tatu, kifua chote kikiwa nyuma ya kila pigo. Ukuta uliangukia ndani, na paa likafuata. Dzifa alilia mara moja tu. Vijana wakaingia vumbini kuchagua tofali nzima, wakilazimika kuziondoa juu yake, wakazipakia garini kama walivyoagizwa. Mzee wa ukoo alieleza kwamba ukuta ulikuwa mbovu, na hivyo ndivyo ilivyoandikwa.

Jumatatu kocha alikuwa na makopo mapya, akayaongeza kwenye chuma. Dzifa alikuja nayo, nywele zikiwa na vumbi, mbavu za upande mmoja zimebonyea. Senyo akasogea kando, akampisha nafasi katikati. Odartey akalala chali, akavuta pumzi, akawanyanyua wote wawili.

Fundi hakutaja chumba tena. Mara ya saba chuma kiliposhuka, wakawa wote wawili karibu na uso wake.

"Senyo," Dzifa akauliza, "nani alikwenda kumchukua mtoto shule?"

Wakainama kumtazama Odartey.

"Usipumzikie hapo chini," kocha akasema. "Nane."

Odartey akasukuma.