Rupia Moja Juu ya Elfu

Pushpalata aliingia dukani kwangu hata viatu hajavua. Ni mama wa bibi harusi, na mama wa bibi harusi haambiliki.

"Hemlata! Mwanangu anapakwa hina kesho, halafu simu inaniambia nafasi imefutwa eti sijalipa? Mimi?" Akanisogezea simu mpaka puani. Kweli, pesa zilikuwa zimetoka.

"Tulia dada, kaa unywe chai."

"Chai kunywa wewe na huyo mkweo!"

Mkwe mwenyewe ni Kinjal, mke wa mwanangu. Ndiye aliyenishawishi wateja washike nafasi kwa simu: mtu atume arubuni ya rupia elfu moja, ujumbe wa malipo uingie, mtambo umthibitishe. Nilikuwa nimewapaka hina maharusi wa mji wetu wa Jodhpur miaka na miaka bila mtambo, nikakubali kwa vile nilivyomwona amefurahi. Sasa wiki nzima maharusi wanafutwa, na msimu ndio kwanza umeanza. Nilikuwa nimechoka, nami nikichoka mdomo wangu hauna breki.

"Kinjal, tangu mtambo wako uingie humu, baraka imetoka. Leo jioni uzime, basi!"

Kinjal, aliyekaa pembeni kwenye kompyuta, alifuta machozi kwa ncha ya sari, akaendelea kubofya. Kazi hiyo ndiyo pekee aliyoiita yake tangu aolewe kwetu.

"Mama, ujumbe wa malipo unafika, huu hapa. Mtambo ndio unaukataa. Jana yule dada wa benki aliyetaka ua la hina kwa sherehe ya ofisini alikubaliwa papo hapo. Wanaokataliwa ni maharusi tu. Kwa nini?"

"Wana mkosi," nikaropoka. Pushpalata akanikata jicho.

"Shangazi," Kinjal akamuuliza, "ulituma ngapi?"

"Elfu moja na moja! Ulitaka niishie kwenye sifuri, na ndoa ya mwanangu iishie hapo hapo?"

Kinjal akajipiga paji la uso. "Mungu wangu! Nimeuambia mtambo upokee elfu moja kamili. Ikizidi hata rupia moja, unaona hujalipa."

"We mtoto! Nani anatuma sifuri tupu kwenye harusi? Sifuri ni mwisho, ile moja ya juu ndiyo baraka! Si hata wewe ulitunzwa na moja juu?" Nilicheka mpaka nikakaa chini.

"Nikishika kompyuta nasahau mila za kwetu, Mama."

Akarekebisha: elfu moja au zaidi. Nafasi ya binti ikarudi, na Pushpalata akaidai ile chai yake, tena yenye iliki.

"Tujaribu malipo mapya ndipo tuwe na hakika," Kinjal akasema. Bado alikuwa hanitazami.

Nikachukua simu yangu, nikajaza jina, nikatuma elfu moja na moja. Simu ya Kinjal ikalia. Akasoma kwa sauti: "Nafasi imethibitishwa. Leo jioni. Jina la mteja, Kinjal..." Akaniinulia macho. Tangu siku ya harusi yake, katika nyumba nzima ya wapaka hina hakuna aliyemchora hata ua moja.

"Kanawe mikono, mwanangu," nikamwambia.