Kamba za Kanyere

Vumbi la Goma ni jeusi. Ni jiwe lililosagika, ni moto wa zamani uliochoka kuwa moto, na halijui kukaa. Pikipiki ikipita, linaamka. Kamiyo, lori la mawe, ikipita, linasimama wima barabarani kama mtu aliyeitwa kwa jina lake. Linaingia katika sufuria, linaingia katika nywele, linalala kwenye kope za watoto, na kukipambazuka limeshaondoka, limeteremka Keshero, limekwenda ziwani kunawa, limerudi.

Apolline naye alikuwa hivyo. Mikono yake haikutulia.

Ungemwona asubuhi kabla hata chai haijachemka, kanga kiunoni, anavuka barabara kwenda kuyatazama matuta yake. Anayatazama, anarudi. Anapuliza makaa, anasahau makaa, anavuka tena. Anainama, anachomeka kidole katika udongo, anapekua, anapapasa, anatafuta kama kuna kitu kilichonenepa huko chini. Na kutoka mlangoni, mama mkwe wake Kanyere, ameketi juu ya kigoda na anachambua maharagi, anasema bila kuinua kichwa:

"Bado, Mama Clarisse. Bado. Acha bulongo ilale, udongo haupekuliwi."

Nyumba yao ilikuwa ya mbao, imesimama juu ya jiwe tupu, jiwe lenye meno, lile ambalo mlima uliwahi kulitapika likaganda. Hapo hata mchicha haukubali. Lakini ng'ambo ya barabara kulikuwa na parseli, kipande cha ardhi cha tajiri mmoja wa Butembo, mwanamke wa biashara za mbali, na katikati ya parseli hiyo palikuwa na bonde dogo ambamo mvua za miaka mingi zilikusanya udongo. Mlinzi wa parseli aliwaambia wazi: limeni tu, lakini siku mwenyewe akitaka kujenga, mtatoka. Wakaokota mawe, wakabeba udongo kwa gunia kutoka pembe za barabara, wakainua matuta. Na katika matuta hayo Kanyere akapanda kamba zake za viazi vitamu, yale marando yanayotambaa.

Hizo kamba zina habari yake. Siku watu walipokimbia vita kutoka pande za mji wa Kiwanja, kila mmoja alibeba alichokipenda. Huyu godoro, huyu sufuria, huyu mbuzi shingoni. Kanyere alikwenda shambani, akakata kamba, akazifunga katika kitenge kilicholoa maji, akajitwisha. Njiani wakamcheka.

"Mukaka, bibi wewe, unakimbia na majani ya mbuzi?"

"Na weye utakula godoro?" akawauliza, akaendelea kutembea.

Kilikuwa kiazi cha mama yake, na cha mama wa mama yake. Ngozi nyekundu kama shavu la mtoto aliyelia, ndani cheupe, kikavu, cha unga. Ukikichemsha chini ya jani la mgomba, kinapasuka chenyewe kwa furaha. Sokoni Goma kuna viazi vya kila namna, vya manjano, vya maji maji, virefu kama mkono, lakini hicho hakipo. Na shamba la kule halikuwa na mtu tena, limemezwa na majani. Kwa hiyo mbegu yote ya kiazi kile, yote kabisa, ilikuwa pale, ng'ambo ya barabara, katika udongo wa mtu mwingine. Apolline alilijua hilo alipolala na alilijua alipoamka.

Wewe unayelima viazi unajua tabia ya kamba yake. Inatambaa. Popote inapogusa udongo, hapo hapo inatoa mizizi, inataka kukaa, inataka kuitwa mwenyeji. Ndiyo maana mlimaji huiinua, huigeuza, huinyima hayo makao madogo madogo, ili nguvu yote irudi kwenye shina ikajaze kiazi. Apolline aliziinua kila siku. Aliziinua mpaka zikakosa pumzi. Walichuma matembele kidogo kidogo, kiasi cha sahani, wakayapika kwa mawese na sambaza chache, dagaa wa ziwani, na hata hayo aliyahesabu moyoni: jani nililokula ni kiazi nilichokinyima.

Sasa, kulikuwa na jirani. Nyiransengimana, mama wa milima ya Masisi, aliyekuwa na ng'ombe zamani na sasa ana mbuzi mmoja, na huyo mbuzi analala nyuma ya nyumba katika kipande cha udongo mweusi, mnene kwa samadi. Alikuja, akasimama kando ya matuta, mikono nyuma.

"Mama Clarisse, unikatie kamba kidogo nipande pale nyuma."

"Ngoja kwanza vijae."

Akarudi siku nyingine.

"Ngoja mvua."

Akarudi tena, anacheka. "Nitangoja mpaka meno yaishe, jirani? Viazi vyako nitavinyonya?"

"Mbuzi wako atazikula, Mama. Ukikata kamba, kiazi kinakufa chini. Anayetaka kiazi hakati kamba."

Nyiransengimana alirudisha mikono nyuma. Alitazama matuta, akamtazama Apolline, akaenda zake, na hakuomba tena. Mlangoni, Kanyere alikohoa. Alikohoa tu, akarudi kwenye maharagi yake.

Halafu kamiyo ikaja.

Ilikuja na mawe, ikayamwaga, na vumbi likapanda mpaka jua likawa kama yai lililochafuka. Wakashuka wafanyakazi wenye nyundo na mitaimbo, na msimamizi wao Cirimwami, mtu wa Bushi, mpole, mwenye uzi wa fundi kiunoni. Akapiga vijiti, akavuta uzi, na uzi ukapita juu ya majani ya viazi kama kisu kinachopimia nyama.

Apolline hakuuliza neno. Alikimbia, akachukua jembe, akalitia tuta la kwanza na kuling'oa lote, kutoka kichwa mpaka mkia. Alipoinua kamba, chini yake zilining'inia nyuzi nyekundu, nyembamba, ndefu. Mikia ya panya. Hakuna kiazi hata kimoja. Akasimama na jembe, anahema, na tuta limelala mbele yake limefunguliwa tumbo.

Kanyere akaja polepole, akaiokota mikia ya panya mmoja mmoja, akaiweka katika kanga yake.

"Mwanangu," alisema, "umemutoa mutoto tumboni kwa kuogopa atachelewa."

Kisha akapiga magoti kando ya tuta la pili, akamvuta Apolline naye apige magoti. "Usichimbe. Tazama." Akamwonyesha ufa. Ufa mwembamba, kama mstari wa kiganja, umepasua mgongo wa tuta. Watu wa Goma wakiuona ufa ardhini, mioyo yao inaruka, wanautazama mlima wa moto. Kanyere alipouona alitabasamu. "Kiazi kikinenepa kinaisukuma bulongo. Hapa kuna mutu. Ingiza kidole taratibu. Umemsikia? Mutoe huyo peke yake. Ndugu zake waache. Sasa funika. Piga piga, kama unamulaza mutoto."

Na kweli, kikatoka kiazi, chekundu, kizito, na mama yake, lile shina, akabaki amelala hajui kilichoibwa.

Apolline akainuka, akamwendea Cirimwami, kiazi mkononi.

"Papa, viazi vyangu havijajaa. Vingine vimejaa, vingine bado."

"Mama, uzi ulishapita. Fondasio, musingi wa nyumba, inapitaka pale uzi umepita."

"Na viazi?"

"Viambie vikimbie. Hapa sisi wote tunakimbiaka."

Wafanyakazi wakacheka, halafu wakaacha kucheka, kwa sababu ilikuwa kweli.

"Anzia upande ule basi," Apolline akasema.

"Upande ule ni wa choo."

"Basi anza na choo! Nani anajengaka nyumba bila choo? Patro mwenye nyumba akija amebanwa, utamwonyesha fondasio?"

Hapo walicheka kabisa, hata Cirimwami, akajikuna kichwa, akahamisha mitaimbo upande wa choo. Na jiwe la Goma, lile lile lililowanyima mchicha, likawa upande wa Apolline. Walipiga, likatoa cheche. Walipiga, likawarudishia mikono. Shimo lilishuka kwa kunung'unika.

Ndipo zikaanza zile siku. Huku nyundo, huku kidole. Huku jiwe linafunguka, huku ufa unafunguka. Apolline aliamka na mlio wa mtaimbo, akapiga magoti, akatafuta mistari midogo mgongoni mwa udongo, akatoa kilichojaa, akafunika, akasikiliza: wamefika wapi? Akatoa, akafunika. Mchana alichemsha viazi chini ya jani la mgomba, akawapelekea wafanyakazi sahani, na Cirimwami akavunja kimoja, mvuke ukampiga usoni, akafumba macho.

"Mama, unatupatia hivi ili tuchelewe?"

"Ninawapatia mule."

"Tunachelewa vilevile," alisema, akatafuna pole pole.

Lakini choo kikaisha. Choo huisha. Fondasio ikaingia upande wa juu, ikazunguka, ikala tuta moja, ikala jingine, na kila tuta Apolline alikuwa amelipitia kwa vidole kabla ya mtaimbo. Likabaki moja, lile la chini kabisa, lililopandwa mwisho, lenye majani mazito kuliko yote. Alasiri moja Cirimwami akaja bila kucheka.

"Mama, kesho asubuhi tunaingia hapa. Patro amepiga simu. Anasema mvua itatukuta."

"Niachie mwezi."

"Mimi si mwenye nyumba, Mama. Na miye niko kibarua."

Apolline akaingiza vidole katika tuta lile. Hakukuwa na ufa. Huko chini aligusa viazi vidogo kama vidole gumba vya mtoto, vimekazana, vinajitahidi. Akatoa mkono. Akautazama ule wingi wa majani, kijani kilichojaa nguvu, na akaliona jiwe mlangoni pake, lenye meno, lisilopokea kitu. Akavuka barabara. Akavuka tena kurudi. Akavuka tena. Mikono yake ilishika kanga, ikaachia, ikashika. Mwisho akasimama mbele ya kigoda.

"Mama," alimwambia Kanyere, "mbegu tutaiweka wapi?"

Tangu wafike Goma, hakuwa ameuliza swali hilo.

Kanyere akasukuma maharagi kando. "Mbegu ya mahindi tunatundikaka juu ya moshi. Ya maharagi tunachanganyaka na majivu. Ya kiazi haina pa kutundika. Ukiifungia ndani inakauka. Ukiishika peke yako, siku yako ikiharibika na yenyewe imeharibika. Mbegu ya kiazi inawekwaka kwa jirani."

"Kwa jirani."

"Kule kwetu shamba la kila mwanamke lilikuwa ghala la mwenzake. Jua likiunguza mbegu yangu, nakwenda kwako na kisu. Mbuzi wakila yako, unakuja kwangu. Si kwamba tulikuwa wema, mwanangu. Tulikuwa tunaogopa njaa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungesikia? Masikio yako yalikuwa ndani ya tuta."

Wakazikata pamoja, jua likiwa limeanza kulegea. Kisu cha Kanyere kilikwenda taratibu, kipande baada ya kipande, kila kimoja urefu wa mkono mpaka kiwiko, kichwa upande mmoja, mkia upande mmoja. Vile viazi vya kidole gumba walivitoa, binti yake Apolline, Clarisse, akavizika katika majivu ya moto. Kamba wakazifunga katika kitenge, wakakilowesha, na Apolline akajitwisha, maji yakamshuka nyuma ya masikio.

Nyiransengimana alikuwa anafagia. Alipomwona hakuacha kufagia.

"Leo mbuzi wangu ameacha kula majani?"

Apolline alisimama. "Nilikufungia mkono, jirani."

"Ulinifungia, kabisa. Nikasema, huyu mama analalia kamba kama kuku analalia mayai." Akafagia mara nyingine. "Sasa yameanguliwa?"

"Kesho wanachimba tuta la mwisho. Hii ndiyo yote iliyobaki. Nimekuja uniwekee."

Ufagio ukasimama. Nyiransengimana akasogea, maji yanadondoka katikati yao. "Weka chini. Hapana! Usiweke chini, mbuzi yuko pale. Nipe mimi." Akachomoa kamba moja, akavunja jani, akanusa utomvu wake. Akamfunga mbuzi mbali, mbali kabisa, akamfunga mara mbili, akarudi na jembe.

Wakapanda. Udongo ule ulikuwa laini, wa samadi, unanasa vidole. Kamba inalazwa mshazari, macho yake mengine chini, kichwa nje kinatazama. Apolline alisubiri kusikia aksanti, na aksanti haikuja. Alipoinuka, Nyiransengimana alikuwa bado amepiga magoti.

"Kwa kamba za viazi hatushukuru," alisema huyo mama, akikandamiza udongo. "Nikikushukuru, tumemalizana. Mimi sitaki tumalizane. Siku ukikosa, uje na kisu chako, upite tu, usibishe hodi." Kisha akaelekeza kidevu kwenye kitenge. "Na hizo zingine? Kwangu pamejaa. Masika, yule mama wa kule chini karibu na ziwa, ana pembe ya udongo. Sylvie naye ana magunia ya kupandia. Mbona umesimama? Zitanyauka."

Apolline akajitwisha tena, akashika barabara.

Ilikuwa saa ambayo watu wanarudi na kila gurudumu linainua lake. Vumbi lilimjia miguuni, likampanda, likamzunguka. Lakini kutoka kwenye kitenge maji yalidondoka, na pale tone lilipoanguka, vumbi lile lisilojua kukaa lilinyamaza, likashika shimo dogo, jeusi, la mviringo. Tone, shimo. Tone, shimo. Nyuma ya visigino vyake mashimo yalifuatana katika mstari, kama vile mtu amepita hapo akipanda barabara nzima. Pikipiki ikaja ikapiga honi, ikakanyaga mstari ule, ikaondoka nao.

Hakugeuka kutazama. Jua lilikuwa linashuka, majani yalianza kulegea, na nyumbani kwa Masika bado kulikuwa mbali.