Mkono Kinuni

Dufie alikuwa na akili za kutisha. Shuleni alizoa zawadi zote za hesabu, na sasa aliwafundisha watoto wa Kumasi. Ila akili hizo hazikujua kupumzika. Zikikosa hesabu, zilimla mwenyewe.

Wiki hii zilimla kwa sababu ya Ofosu, mumewe. Alichelewa kurudi, viatu vina udongo mwekundu, na chakula akakigusagusa tu. Mwanamume akirudi jioni ameshiba fufu, ule ugali wa mihogo na ndizi za kutwanga, yuko mwanamke aliyempikia. Nani mjini asiyelijua hilo? Na udongo mwekundu uko kule mlimani, anakokaa Konadu, mchumba wake wa zamani. Mamake Dufie anakaa huko huko, lakini alipopigiwa simu aliapa hajamwona mkwewe. Dufie akajumlisha, akapata jibu, usingizi ukamruka.

Jumamosi wakatwanga fufu kama kawaida yao, Ofosu kasimama na mchi, Dufie kaketi akigeuza donge kinuni kwa mkono kila mchi unapoinuka. Kazi hiyo haitaki kufikiri, inataka kuaminiana.

"Mlimani kuna nini, bwana?"

Mchi ukasita hewani. Dufie akachomoa mkono upesi.

Ofosu akaushusha mchi taratibu. "Umedhani nitakuponda?"

"Nijibu! Unakula kwa nani?"

"Kwa mama yako! Bega limemvimba, hawezi kutwanga. Namtwangia, na haniachi niondoke bila kula. Kaniapisha nisikwambie. Juzi juzi alikohoa kidogo tu, wewe ukawa umeshamzika kichwani, huli, hulali. Tunakuficha kwa sababu unatutia hofu, mke wangu."

Dufie aliona haya, kisha akaumia. Afadhali ingekuwa Konadu. Konadu angemchukia, basi. Hawa waliompenda ndio waliokubaliana kumkwepa.

Ofosu akamkabidhi mchi, akaketi yeye, akatia mkono kinuni. "Twanga. Mimi sichomoi."

Dufie akauinua mchi, machozi yakimtiririka. Alimpenda mtu huyu, na alitaka kumwamini kuliko kitu chochote duniani. Lakini bega lipi hilo? Jumapili kanisani mama si alicheza akipunga leso kwa mikono yote miwili?

Ofosu alikuwa bado anangoja, mkono kinuni, na Dufie alikuwa bado anapiga hesabu.